Aliyemjibia Sindano

Dada yangu ni dobi. Kibao cha nje kinasema "Huduma za Usafi wa Mavazi" kwa herufi za dhahabu, lakini hata yeye mwenyewe akikuelekeza atakwambia uulize kwa dobi. Chini ziko mashine za kufulia. Zikianza kukamua, glasi za duka la jirani hulia rafuni. Juu ni chumba cha kupigia pasi: meza ndefu iliyovishwa blanketi kuukuu, pasi mbili za umeme, kamba za kutundikia mashati, na viti vya chuma kwa ajili ya wateja wanaopenda kungoja huku wakipiga soga. Sijui chumba kingine chenye joto kama kile. Ukikaa humo kidogo tu unatoka mgongo umelowa kama uliyenyeshewa.

Siku aliyotangaza habari ya mlima nilikuwa humo nikingoja sketi yangu. Dada alikuwa ananyoosha kola. Kwa kola ngumu bado anatumia njia aliyofundishwa na mama yetu: anajaza maji mdomoni, anayapuliza juu ya kitambaa kama manyunyu, kisha anagandamiza pasi. Kopo la kunyunyizia lipo. Limekaa mezani ili wateja walione. Alipomaliza kola ile akafuta mdomo na kusema kwamba mwezi ujao anapanda mlima, ule wa barafu, kwenda kutazama jua likichomoza.

Nikamuuliza jua la hapa mtaani lina kasoro gani.

Hakucheka. Daktari alikuwa amemwambia apunguze uzito, naye akajiunga na kikundi cha wanawake wa mtaani wanaotembea asubuhi, na sasa kikundi kilikuwa kimepata tamaa ya kilele. Tatizo la dada ni kwamba hawezi kufanya jambo bila watazamaji. Kila aliyeleta shuka alisimuliwa kilele. Jirani mmoja aliyesema kwa utani kwamba mlima utahitaji kuimarishwa kwanza hakusalimiwa tena. Ukutani palishapigiliwa msumari wa kutundikia picha, na wakati huo hata viatu hajanunua.

Kikundi kiliongozwa na mstaafu waliyemwita Kocha, ambaye ujanani alikuwa akiwapandisha watu mlima huohuo. Alimpa kila mmoja pacha wa safari. Pacha wa dada alikuwa Sindano, mshonaji wa ng'ambo ya barabara, mwanamke mwembamba, mpole, aliyetembea siku zote na pini zimechomekwa kwenye ukosi wa blauzi. Ndiye aliyewarekebishia wateja wa dada zipu na vifungo, na walishazoeana kiasi cha kutaniana. Dada alimwambia upepo wa kule juu utampeperusha. Sindano akasema hana wasiwasi, atajifunga kwa dada, maana hakuna upepo wa kumtikisa yeye.

Sasa utaratibu wa Kocha ulikuwa huu, na aliurudia mpaka wakamchoka. Kule juu hewa ni nyepesi, na kitu cha kwanza kumtoka mtu kichwani ni uwezo wa kujua kwamba kuna kitu kimemtoka. Ukimuuliza mgonjwa hali yake atakwambia yuko sawa, huku anavaa glavu miguuni. Kwa hiyo mlimani hakuna anayejisemea. Kocha akiita jina, anayejibu ni pacha wa mwenye jina. Ama "mzima", ama "si mzima". Ukisema si mzima mnashuka wawili wote, palepale, hakuna kujadiliana, hakuna kungoja jua.

"Gizani sitawaona," aliwaambia. "Nitasikia mtakachosema, basi."

Mimi sikuwepo. Yaliyotokea huko niliyapata kwa dada baadaye, vipande vipande, kwa sauti ya mtu anayetoa mwiba.

Waliondoka kibandani giza bado nene, taa vichwani, kila mmoja akitazama visigino vya aliye mbele yake. Sindano alikuwa nyuma ya dada. Mwanzoni alikohoa kikohozi kikavu. Halafu kikawa na maji ndani. Glavu ikamwanguka, naye akaendelea kutembea kama hakuona. Dada akaiokota, akamvisha kama mtoto, na alipokuwa anamvisha akagundua kwamba vile vidole havijikunji. Sindano akamsogelea sikioni.

"Dada, kifua changu kinachemka."

"Ni baridi tu," dada akanong'ona. "Kilele kile pale."

Na kweli kilikuwa pale. Hilo ndilo linalomtesa. Anasema kingekuwa mbali angeshuka.

Kocha akaita kutoka mbele. Majina yakapita moja moja, na majibu yakaja kutoka gizani, mzima, mzima, mzima. Kisha, "Sindano?"

Dada alivuta pumzi. Nyuma yake alisikia ile pumzi nyingine, yenye maji. Aliwaza msumari ukutani. Aliwaza yule jirani. Halafu akasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Mzima."

Jua lilichomoza. Silinyimi haki yake. Hata dada akilieleza uso wake hung'aa kidogo, kisha anaona haya kwamba umeng'aa. Palitokea mstari mwekundu chini ya mawingu, ukatanuka, na barafu yote ikageuka rangi ya shaba. Watu wazima walilia. Kocha alivua kofia. Wote walitazama jua, isipokuwa Sindano. Yeye alikuwa amegeukia upande wa pili, ambako kivuli cha mlima kilikuwa kimelala juu ya mawingu, kirefu, chenye ncha. Dada akamshika mabega na kumgeuza, kwa ajili ya picha. Midomo yake ilikuwa ya zambarau. Aliambiwa atabasamu, akatabasamu.

Katika kuteremka, jua lililegeza barafu na miguu ikawa inazama. Sindano alishuka kama mtu anayetafuta sakafu gizani, ingawa mwanga ulikuwa wa kuumiza macho. Kisha akakaa juu ya jiwe. Akauliza kama wateja wa jioni wameshafika. Hapo ndipo dada alipopiga yowe.

Wakambeba kwa kupokezana, wakikimbia, wakiteleza. Kifua chake kilisikika mpaka kwa waliotangulia, birika linalochemka. Kibanda kilipoonekana kwa chini, birika likanyamaza.

Kocha alimfunika uso. Akamuuliza dada aliona dalili tangu lini.

"Sasa hivi tu. Juu alikuwa mzima."

Kocha akamtazama. Hakumsemesha tena njia nzima, wala baada ya hapo.

Msibani dada alikuwa shujaa. Ndiye aliyekuwa na mwenzake mpaka pumzi ya mwisho, ndivyo watu walivyosema, na hakuna aliyewasahihisha. Alipishwa kiti cha mbele. Mama yake Sindano, mjane ambaye hakuwa na mtoto mwingine, alimshika uso kwa mikono miwili, akamwambia kuanzia leo wewe ndiye mwanangu. Dada alilia. Nilidhani nakijua kile kilio.

Tangu hapo kila Ijumaa yule mama alikuja kwenye chumba cha pasi. Hakuombwa, hakutaka kitu. Aliketi, akavuta kapu la foronya, akaanza kukunja. Picha ilishatundikwa: wanawake wawili, jua usoni. Mama alikunja, akaitazama, akakunja. Kabla hajaondoka aliuliza swali lilelile, kama mtu anayerudia kuonja kitu kwa sababu ladha yake haikumkaa.

"Na kule juu, mwanangu, alikuwa mzima?"

"Mzima, mama."

Na dada akaanza kukohoa.

Mambo haya yalianza mchana. Niliseme hilo mapema, maana wanaosimulia habari kama hizi huzipeleka usiku, ambako hata koti mlangoni ni mtu. Ulikuwa mchana wa jua kali, barabara imejaa, chini mashine zinakamua. Nilipanda nikamkuta dada ameshika ukingo wa meza. Alikuwa amekonda bila mlima kumsaidia. Akajaza maji mdomoni, akainamia kola. Nikamuuliza, kama tunavyoulizana siku zote, "Mzima wewe?"

"Mzima."

Jibu lilitokea upande wake wa kushoto, kwenye kiti kitupu. Lilikuwa dogo, la mtu anayehema.

Dada akainua uso. Mashavu yake yalikuwa yamejaa maji.

Hakuyapuliza. Yalimchuruzika kidevuni, polepole, mpaka yakaisha.

Mimi nimesoma fizikia, na nilifanya kilichotarajiwa: nilitafuta redio ya jirani, dirisha, bomba linalopitisha sauti. Sikupata. Nikamwambia twende hospitali, kwa sababu kikohozi angalau kinajulikana ni nini.

Daktari alikuwa kijana, ana haraka, kalamu imetangulia mgonjwa. Akauliza anajisikiaje. Dada akafungua mdomo.

"Mzima," ikajibu ile sauti, kabla yake.

Daktari hakuinua kichwa. Kifua je? Mzima. Anapata pumzi? Mzima. Dada alikuwa anatikisa kichwa, anakataa, mkono shingoni, midomo imeanza kuwa ya zambarau. Nikasema mimi kwamba si mzima, nikasema kwa nguvu. Daktari akanitazama kwa mara ya kwanza na kunieleza, kwa upole wa kukera, kwamba mgonjwa mwenyewe anasema yuko salama, na picha ya kifua ni safi, na kipimo cha kidoleni ni kizuri. Akamwandikia dawa ya usingizi.

Tukatoka. Mlinzi wa getini akatuuliza hali. Akajibiwa.

Jaribu kuishi siku moja tu katika lugha hii bila kuulizwa hali. Muuza magazeti, mwenye duka, mtoto wa jirani, mteja wa shuka, wote humtaka mtu aseme kama ni mzima. Na kila sauti ile ilipomjibia, pumzi ya dada ilipungua kidogo. Akaanza kujificha nyuma ya mashati yaliyotundikwa. Akalala ameketi. Kwenye joto lile la pasi alivaa sweta, na meno yakagongana.

Kitu kingine. Kile kiti cha kushoto kilikuwa kikiloa. Si maji ya pasi. Kilifanya ukungu mweupe kwenye chuma, kama ukuta wa friza, kisha ukungu ukayeyuka na kudondoka. Ijumaa mama yake Sindano alipokuja, sauti ilikuwa haitoki kabisa. Mama aliketi kwenye kiti kilicho kando yake. Foronya alizipanga mapajani, zikamjaa mpaka kidevuni, na kile kiti, kiwe kikavu au kimelowa, hakukiwekea kitu juu. Hakuna aliyemwambia asikitumie.

Mwishowe dada aliniambia. Tulikuwa nyumbani kwangu, adhuhuri, amejikunja kwenye kochi langu. Habari zake mwenyewe hakuweza kuzisema. Akijaribu tu, "naumwa", sauti inamwahi. Lakini habari za Sindano alizisema bila kuzuiwa, neno kwa neno, glavu, vidole, kile kifua, lile jibu. Nilimuuliza ni nani mwingine anajua.

"Kocha anajua. Ndiyo maana haulizi."

Niseme nilimwonea huruma? Niliona aibu. Niliona aibu ya damu, ile inayokupanda masikioni kwa kosa ambalo hukulifanya, lakini lina sura ya familia yenu. Nikamwambia ukweli mmoja tu: jibu lile alilitoa yeye, kwa niaba ya mwenzake, na wa kulibadilisha ni yeye. Sikuwa nazungumzia mizimu. Nilikuwa namzungumzia mama anayekunja foronya.

Dada akasema bora afe. Hakuwa anatia chumvi. Alikuwa amepima yote mawili, kukatika pumzi na macho ya yule mama, na kukatika pumzi kulionekana kwepesi.

"Utakufa hivyohivyo," nikamwambia, "na msibani nitasema mimi."

Ijumaa ilipofika nilimpandisha juu kwa kumshika kiuno. Alipumzika kila baada ya hatua kidogo, na kifua chake nilikisikia. Birika. Mama alikuwa ameshafika, ameshakunja nusu ya kapu. Wateja wawili walikuwa wanangoja suruali zao. Nilitaka kuwaomba watupishe. Dada akanishika mkono: waache.

Mama akamaliza foronya aliyokuwa nayo. Akaitazama picha.

"Na kule juu, mwanangu, alikuwa mzima?"

Mashine chini zilikuwa zimenyamaza. Pasi ikatoa mvuke, ikanyamaza nayo.

"Hakuwa mzima, mama," dada akasema. "Aliniambia. Nilimwona. Kocha alipoita nikasema mzima, kwa sababu nilitaka kufika."

Mteja mmoja aliinuka, akasahau suruali yake, akatoka. Mama hakupiga kelele. Hakumtukana. Alitandaza foronya magotini na kuilainisha kwa kiganja, mkunjo kwa mkunjo, ingawa ilikuwa imeshanyooka. Nilitamani angempiga. Dada naye, najua, alitamani hivyo.

"Na sasa?" mama akauliza.

"Sasa nini, mama?"

"Sasa hali yake ikoje. Kocha alitueleza utaratibu wenu. Wewe ndiye wa kumjibia."

Dada akageukia kile kiti. Uso wake ulibadilika, kama mtu anayesikiliza simu yenye mawimbi.

"Anasikia baridi," akasema.

Na palepale kifua chake kikafunguka. Nilikisikia kikifunguka, kama sinki lililokuwa limeziba. Akahema, akahema, rangi ikarudi midomoni. Nilimuuliza hali, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alijibu kwa mdomo wake. Akasema, "Sijui."

Mtaa mzima ulijua kabla ya jioni. Nguo zilichukuliwa chafu. Kikundi cha mazoezi kilibadilisha njia ili kisipite mbele ya mlango wake. Picha aliishusha mwenyewe, na msumari akauchomoa kwa koleo. Nilidhani yule mama hatakanyaga tena pale, na nilimwelewa.

Ijumaa akaja.

Hakumwita tena mwanangu. Hakumtazama. Aliketi, akakunja, akauliza, "Leo je?" Na dada akajibu, akiwa amekigeukia kiti. Vidole vimekufa ganzi. Leo ana kiu. Leo anasema mwanga unamuumiza. Ijumaa baada ya Ijumaa, wanawake wawili katika chumba cha moto, wakipeana habari za mtu wa tatu kwa sauti ya chini. Mimi nilikuwa nakwenda kufuta kiti. Sikuwa na kazi nyingine ya maana ya kumfanyia dada yangu. Kile chuma kilikuwa kikigandisha kitambaa mkononi mwangu.

Ijumaa ya mwisho jua lilikuwa kali kuliko kawaida.

"Leo je?"

Dada alikigeukia kiti.

"Anauliza mbona hatushuki."

Mama akaacha kukunja. Akaweka foronya juu ya meza. Akainuka, akashika magoti kidogo kama wafanyavyo watu wa umri wake, kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kiganja wazi, kama unavyomnyooshea mtoto mnapotaka kuvuka barabara.

"Haya," akasema. "Taratibu."

Vidole vyake vikafumbata.

Alitoka hivyo, mkono nyuma, akashuka ngazi za saruji upande mmoja, karibu na ukuta. Akaacha nafasi. Dada alimfuata mpaka mlangoni, akasimama juu ya ngazi ya kwanza. Akafungua mdomo kutaka kusema kitu. Mama hakugeuka. Nikasikia mlango wa chini ukifunguka, kelele za barabara zikaingia, mlango ukafungwa.

Nilikwenda kukifuta kiti. Kilikuwa kikavu. Kilikuwa cha moto kama viti vingine.

Maji yalikuwa kwenye ngazi. Kwenye kila ngazi palikuwa na baka dogo la unyevu, upande ule ulioachwa wazi, mpaka chini kabisa, mpaka kizingitini. Yule mama hajarudi tena, na dada hajaulizwa tena.

Ngazi zilikauka kabla wateja wa jioni hawajaja. Zote isipokuwa ya juu, pale dada aliposimama. Hapo hapakauki. Fundi bomba amekuja, amegonga ukuta, amelala chini na tochi, akasema hakuna bomba linalopita upande huo. Dada hupakausha kwa pasi kila asubuhi, amepiga magoti, kabla hajafungua mlango. Ninamsikia kutoka chini akipauliza hali kwa sauti ndogo, kisha anangoja.